Nyayo za Tembo na Droni ya Harusi

Pale barabara ya Mbalibali inapopinda kuelekea Mugumu pana benchi lililotengenezwa kwa ubao wa mkokoteni wa ng'ombe. Ubao una matundu ya misumari ya zamani, na kila mzoefu wa kijiwe analijua tundu lake. Alasiri Mama Happy huteremsha jiko na birika lake la kahawa mbele ya benchi hilo, mvua inyeshe isinyeshe, na hapo ndipo watu huanza kuijua dunia. Jioni hiyo Waitara alikaa ncha ya mwisho ya ubao, mfuko wa rambo mapajani, akisubiri Noah ya mwisho ya kwenda mjini. Ya asubuhi haitabiriki: husubiri abiria mpaka ijae, na mahakama haimsubiri mtu. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati safi la mwanawe, na tochi aliyoitia humo kwa mazoea tu. Mwanawe, Simon, alikuwa mahabusu tangu juzi, na asubuhi angesimama mbele ya hakimu kwa kosa ambalo Mbalibali ilikuwa haijawahi kulisikia: kurusha droni juu ya hifadhi.

— Hana kosa, alisema Felix. Kijiweni anaitwa Wakili, tangu alipotoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi na hakimu akamwambia asante. — Nawaambia hana kosa. Simon alisimama wapi wakati anarusha?

— Shambani kwao, alijibu Mwikwabe. Huyu ndiye wanayemwita Sirari, kwa jina la mji wa mpakani na Kenya. Alichuuza mpakani miaka mingi, akarudi nyumbani, lakini ulimi wake haukurudi wote.

— Shamba la nani?

— La mzee Waitara, si huyu hapa?

— Basi! Miguu yake ilikuwa kwao. Sheria hukamata miguu. Hewa haina mwenyewe.

— Wacha wewe. Hewa iko na mwenyewe. Hizo ndege kubwa zinapita hapo juu, unafikiri zinapita tu hivyo hivyo? Zinaomba ruhusa, maze.

— Zile zina watu ndani. Hii ya Simon ilikuwa na nani ndani?

Waitara aliukunja upya mdomo wa mfuko wake. Yeye si mtu wa maneno mengi, na haya alikwisha kuambiwa kituoni na ofisa mmoja kijana, aliyemwamkia shikamoo kwanza ndipo akamweleza, na upole ule ndio uliomkata maini. Droni huandikishwa, mzee. Anayeirusha huwa na kibali, hata kama anairusha juu ya mahindi yake mwenyewe. Na juu ya hifadhi haipiti mpaka wenye hifadhi waruhusu, hata kama mrushaji amesimama nje. Simon hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hata droni yenyewe haikuwa yake. Aliiazima kwa Godwin, mpiga picha wa Morotonga, ambaye huirusha juu ya maharusi ili wazazi waone jinsi wageni walivyokuwa wengi.

— Lakini si serikali ndiyo iliyotufundisha? aliuliza Joram, fundi redio, ambaye kwa heshima ya bisibisi yake anaitwa Injinia. — Mwaka jana tembo walipoingia kwa akina Christina, askari wa wanyamapori walikuja na nini?

— Droni, Wakili alikubali.

— Ililiaje?

— Kama nyuki.

— Na tembo walifanyaje?

— Walikimbia kama watoto wa shule.

— Basi! Simon aliona, akajifunza. Mtu anakamatwa kwa kujifunza?

— Askari wana kibali, alisema Mama Happy bila kuinua macho kutoka kwenye jiko. — Hata daktari anakukata tumbo. Wewe Injinia ukinikata tumbo, ni kesi.

Walicheka, kisha wakamkumbuka Waitara na kicheko kikafa.

— Samahani, tata, alisema Injinia, akimwita baba kwa Kikuria.

Waitara alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hapana neno. Alikuwa anaangalia upande wa mto. Kutoka kijiweni mto hauonekani, huonekana mstari wa miti tu, na mbele ya miti hiyo lilikuwepo shamba lake. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Wiki hizi ndizo ambazo tembo huvuka kila magharibi, na tangu mke wa Waitara afariki, aliyekuwa akilala kwenye kibanda cha ulinzi ni Simon. Judith, mke wa Simon, alikuwa na kichanga ambacho kitovu chake kilikuwa hakijadondoka.

— Mimi nauliza, Wakili alianza tena, akiukunjua mkono wa koti lake. — Mpaka wa hifadhi umewekwa nini?

— Vigingi, alisema Sirari.

— Kigingi kinafika wapi?

— Hapa, kiunoni.

— Ahaa! Basi hifadhi nayo inafika kiunoni. Juu ya kiuno kuna nini? Hakuna kigingi kilichosimama angani. Droni ilipita juu ya vigingi, haikuvigusa.

— Kwa hiyo twiga, aliuliza Injinia, — miguu yake ni ya hifadhi, kichwa chake ni cha nani?

— Cha kwetu! alisema Wakili.

— Basi kesho nenda ukakichinje hicho kichwa chako, uone utakavyofungwa mpaka kiunoni.

Sirari alisogeza kikombe chake kijazwe.

— Nyinyi mnacheza. Huyo kijana aseme tu hivi kortini: tembo ndiye alivuta hiyo kitu. Alitoa mkonga, akashika, akaenda nayo kwao. Tembo ni mwizi, kila mtu anajua. Nani atabisha? Tembo ataitwa kutoa ushahidi?

— Ilikuwa juu ya miti, mura, Wakili alimkatalia.

— Tembo mkubwa.

— Mimi nina dawa, alisema Injinia. — Aseme ilikuwa imefungwa kamba. Kitu chenye kamba si ndege. Kitu chenye kamba ni mfugo. Ndama wako akivuka kigingi na kamba shingoni unasema nini? Unasema amekatika. Mnyama amekatika kamba, mwenye mnyama amekimbia kumtafuta.

— Mfugo ukiingia hifadhini ni kesi mbaya kuliko droni, alisema Mama Happy.

Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Wote wanne wa kwenye ubao walikuwa na ndugu au jirani aliyewahi kusimama mahakamani mjini kwa sababu ya ng'ombe waliovuka. Kijiwe kikanywa.

— Mimi ningekuwa yeye, Wakili alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imevua koti la uwakili, — ningemwambia hakimu habari ya nyayo. Hiyo ni sheria ya haki kabisa. Babu yako, mzee Waitara, si ndiye aliyefuata ng'ombe kwa nyayo kutoka Tarime mpaka Ikoma?

— Nata, alisema Waitara.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi. Kwa mambo ya ukoo hawezi kuacha jambo lipite limepinda.

— Ilikuwa mpaka Nata. Na hakutoka Tarime, alikuwa amekwisha hamia huku. Nyamhanga, baba wa baba yangu. Ng'ombe walichukuliwa usiku, yeye na wenzake wakaamkia nyayo. Walipofika kijiji cha watu hawakuingia na mikuki. Walisimama nje, wakawaita wazee wa pale, wakawaonyesha: nyayo hizi zimeingia kwenu. Wakikubali, kazi yako imekwisha. Ni juu yao sasa kuzitoa upande wa pili. Wakishindwa kuzitoa, ng'ombe wanalipwa na wao. Ndivyo ilivyokuwa.

— Umesikia! Wakili aliupiga ubao. — Nyayo za tembo zimetoka shambani, zimeingia hifadhini. Kijana alizifuata tu ili awakabidhi wenyewe. Hifadhi ndiyo ilipaswa kumpokea kwa maji!

— Alizifuata kwa angani, alisema Mama Happy. — Angani hakuna nyayo.

Waitara aliinamisha kichwa. Sheria ile alikuwa amemfundisha Simon tangu mtoto, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji, kama alivyofundishwa yeye. Na jioni ile ya juzi Simon alikuwa ameshawafikisha tembo mtoni. Nyuma ya wale wakubwa kulikuwa na mdogo mmoja, akikimbia huku ameshika mkia wa mama yake. Simon alitazama kioo cha mkononi, akasema, inatosha baba, pale ni mpaka, niirudishe. Na Waitara, aliyekuwa amesimama katikati ya mahindi yaliyolazwa chini kama mikeka, akasema: mwizi haachwi mlangoni. Mfuate mpaka kwake. Akaonyesha ng'ambo kwa fimbo yake. Kule ng'ambo betri iliisha, droni ikadondoka karibu na njia ya doria, na kabla ya usiku kuingia gari la hifadhi lilikuwa limesimama mbele ya nyumba.

— Kuna kitu nilitaka kukwambia, tata, Injinia alisema polepole. — Nimeongea na Godwin, polisi walimwonyesha. Ile droni inapiga picha yenyewe. Ukiirusha tu, imeanza kupiga. Ndiyo kielelezo wanachokwenda nacho kesho.

— Picha za nini? Za tembo?

— Mwanzoni kuna harusi, hakuifuta. Halafu shamba. Halafu… inaonekana kutoka juu, watu wawili. Mmoja ameshika mtambo. Mwingine ana kofia na fimbo. Fimbo inaonyesha mto.

Hapakuwa na mtu Mbalibali aliyehitaji kuambiwa kofia ile ni ya nani. Ilikuwa kichwani mwa Waitara wakati huo huo.

— Sauti je? aliuliza Wakili.

— Haina sauti.

— Basi ni nafuu! Fimbo haisemi. Unaweza kuwa ulikuwa unaonyesha ndege. Ulikuwa unaonyesha mawingu. Ulikuwa unamwambia kijana, tazama mvua ile.

— Sema ulikuwa unamkataza, alisema Sirari. — Fimbo ya kukataza. Hivi: usiende kule!

— Nitasema nilimtuma, alisema Waitara.

— Aka! Mzee!

— Ndivyo ilivyokuwa. Simon alitaka kurudi. Mimi nilimtuma.

— Wakuweke ndani na wewe? Wakili alisimama kabisa. — Wewe ndiye wa kumdhamini! Mtuhumiwa hamdhamini mtuhumiwa. Ukifungua mdomo mnakuwa wawili ndani, na wa kuwatoa nani?

— Na nisipofungua, Waitara aliuliza kwa utulivu, — nitamwambia nini Simon? Naye alikuwepo. Alinisikia.

Wakili aliketi. Injinia alikitazama kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo. Sirari alianza kusema jambo kuhusu hakimu mmoja wa upande wa pili wa mpaka, akaliacha katikati.

Ndipo alipofika Christina, mama wa shamba linalopakana na la Waitara. Si mtu wa kijiweni. Wanawake wa Mbalibali wanampitia Mama Happy kwa salamu tu. Alikuwa ametoka kuchota maji, ndoo ameitua kando ya barabara, kanga imelowa begani.

— Shikamoo, tata Waitara.

— Marahaba, mama.

— Poleni na kesi. Tunaomba Mungu.

— Tumepoa.

Akawasalimu na wengine mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Kisha akabaki amesimama, akitazama mstari wa miti, akawatazama tena wanaume wa kwenye ubao.

— Nilitaka kuuliza tu. Leo shambani kwenu analala nani?

Wakili alianza kuukunja tena mkono wa koti lake.

— Maana wakipita kwenu wanaingia kwangu, aliendelea, kama mtu anayeomba radhi. — Jana tulisikia matawi. Baba Esta yuko Busawe na ng'ombe. Mimi nina watoto. Nilidhani labda mmeshapanga.

— Tulikuwa… alisema Wakili. — Tulikuwa tunaliangalia upande wa sheria.

— Mgongo wangu, mama, alisema Sirari, sasa kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa. — Umande ukinipata, siamki.

Injinia alisema kuna redio ya katekista ambayo lazima iwe tayari alfajiri. Hakuulizwa ya nani, aliitaja mwenyewe.

Mama Happy aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha juu ya jiko bila kumimina. Alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo vilikuwa bado mikononi.

Honi ya Noah ilisikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Likaja na vumbi lake, likasimama, mlango ukavutwa, kondakta akaanza kuita Mugumu, Mugumu, mzee panda tunaondoka. Waitara alisimama. Alitazama gari, akatazama miti ya mtoni, ambako mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa rambo, akapapasa chini ya shati la Simon, akaitoa tochi. Aliiwasha, akaona inawaka, akaizima. Kisha akaiweka katikati ya ubao, mahali ambapo kila mmoja wa wale watatu angeifikia bila kunyoosha mkono sana.

— Betri ni mpya, alisema.

Akapanda. Kondakta alimbananisha kiti cha nyuma, kati ya mama mwenye kuku na dirisha. Gari lilipoanza kupinda kona, Waitara aligeuka akachungulia kwa kioo cha nyuma, kilichokuwa kimechafuka. Aliona Christina bado amesimama kando ya ndoo yake. Aliona Wakili, Sirari na Injinia wamekaa, mikono yao magotini, vikombe hawana. Tochi ilikuwa bado pale pale ubaoni. Aliendelea kuitazama mpaka vumbi lilipomzuia.