Makofi ya Kufuli

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Msimamizi wa kiwanda cha mikate, akitoka kazini, aliwasikia wanawake wawili, mmoja mwenye kikapu na mwingine aliyevaa sare ya uuguzi, wakizungumza kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi.

"Kaka yangu si kichaa," alisema mwenye kikapu. "Haokoti makopo."

"Wagonjwa wengi wa akili hawaokoti makopo, dada," akajibu muuguzi. "Kuna huzuni isiyoisha, mtu hali wala halali. Kuna anayesikia sauti wasizozisikia wenzake. Na kuna hofu kama hiyo ya kaka yako, ya kurudi mara kumi kuangalia kama amefunga ghala la unga."

"Anajua amefunga, ila anarudi huku analia. Bosi wake kambandika jina, Kufuli. Kila akirudi wanampigia makofi wakihesabu."

Leo yalikuwa makofi tisa. Msimamizi ndiye aliyehesabu.

"Na huyo bosi ana ugonjwa gani?" akauliza mwenye kikapu.

Muuguzi akajibu, "Huyo ni mzima kabisa."

Basi liliposimama, msimamizi alishuka, mkono umefunika nembo ya kiwanda kifuani. Kufika kwake vilikuwa vimebaki vituo vitatu.