Asali Niliyomnywesha Mjukuu Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nina neno zito, na mkiitikia kwa unyonge nitakaa chini nalo.

Mimi ni bibi yenu wa Misima, mnanijua. Shule niliishia darasa la pili, ila macho ninayo na mdomo ninao, na Mungu ameniachia vyote viwili mpaka uzee huu. Nataka kushuhudia habari za mjukuu wangu Yoeli, yule seremala wa Masuguru, na habari za nguvu za kiume. Msiinamishe vichwa! Ruhusa nilimwomba mwenyewe, mbele ya mkewe, akaniambia, "Bibi, sema yote. Usinipambe wala usinifiche." Basi nasema.

Yoeli nimemlea mimi tangu binti yangu, mama yake, alipofariki. Alikuwa mtoto wa kichwa kikubwa na masikio kama ya mbuzi. Leo nikimwona fundi wa watu, anachonga vitanda vinavyokwenda mpaka Mombo na Lushoto, kifua kinanijaa. Na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita bi mkubwa. Mkewe Rebeka, binti wa Kisambaa, mtulivu, ananiita mke mwenza. Akija kunitembelea huanza hivi: "Shikamoo mke mwenza. Nimekuja kukusalimia, ila mume sikuachii." Nami namjibu, "Marahaba, kaa naye tu, huyo anakoroma." Tukacheka hivyo miaka na miaka.

Kisha Yoeli akapimwa, akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge, akawa anameza. Lakini nikaanza kuona kitu. Kucheka kukapungua. Rebeka akikaa upande huu, yeye anahamia upande ule. Nikasikia siku hizi analala kwenye banda lake la kazi, eti analinda mbao. Ndugu zangu, mbao gani hizo zinazolindwa mwaka mzima?

Siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yake, ua umejaa watu, sahani ziko mikononi, nikamtania kwa sauti kama kawaida yangu: "Mume wangu, Korogwe nzima inalala kwenye vitanda vyako, chako mbona kimepoa?" Ua mzima ukaangua kicheko. Yoeli hakucheka. Aliweka sahani chini, nyama haijaguswa, akaondoka kwa miguu. Rebeka akaniangalia, machozi yamemjaa, akasema taratibu, "Mke mwenza, leo umepiga penye kidonda."

Nikamvuta nyuma ya jiko, akanieleza. Mwaka wa pili mumewe hamgusi. Akimuuliza, anakuwa mkali au anatoka. "Ana mwanamke mwingine huyu, bibi. Mimi nimechoka. Nitarudi kwetu."

Sasa hapa, ndugu zangu, sikilizeni ujinga wangu. Badala ya kumwonea huruma binti wa watu, nilimshuku yeye! Wapo kwetu wanaosema mwanamke anaweza kumfunga mumewe asitoke nje, na kamba ikazidi, ikambana hata ndani. Mimi mbatizwa, mimi mwimbaji wa kwaya ya akina mama, niliamini hilo! Nikasema, Rebeka kamfunga, sasa kamba imemshinda kufungua, anajitia kulia.

Nikaingia porini, nikachimba mizizi niliyokuwa namwona marehemu bibi yangu akichimba. Nikaitwanga, nikaichemsha. Ilikuwa michungu kama nyongo, kwa hiyo nikaikoroga na asali ya msituni, asali nzito, nyingi. Nikaifikisha Masuguru mwenyewe. Nikamwambia Yoeli, hii ni ya mgongo, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na hivyo vidonge vya hospitali viweke kando kwanza, dawa mbili hazilali chumba kimoja. Naye akanywa. Alijua ni dawa ya nini, si mtoto. Alikuwa amekata tamaa, na mimi ananipenda. Angekunywa hata majivu kama nimemkorogea mimi.

Mtu wa sukari, ndugu zangu! Nilimnywesha asali kwa mkono wangu mwenyewe!

Hakumaliza hata wiki mbili. Kiu ikamshika, maji hayamtoshi, kwenda haja ndogo hakuishi, mwisho akaanguka bandani juu ya takataka za randa. Aliyemwokota ni nani? Ni Rebeka, yule niliyemwita mchawi moyoni mwangu. Ndiye aliyemwingiza kwenye bajaji, ndiye aliyempakata kichwa mpaka hospitali. Daktari akatuuliza, "Amekuwa akitumia nini?" Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza! Dunia nzima inanijua kwa mdomo, siku ile ulimi ulikauka.

Mungu ni mwema, Yoeli akazinduka, sukari ikashuka, akarudi nyumbani. Lakini Rebeka alikuwa ameshakata shauri. Aliniambia bila hasira, "Nimemuuguza kwa sababu ni mume wangu. Akisimama vizuri, mimi naondoka." Begi lake lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa. Niliona kwa macho yangu.

Siku ya kliniki ya sukari nilimsindikiza mimi, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado inatetemeka. Tulikuta madaktari wa utafiti. Walikuwa wanawauliza wanaume wenye sukari habari za chumbani. Anayekubali anaulizwa faragha, jina lake haliandikwi. Benchi zima la wanaume! Akiingia mmoja anatoka upesi, kifua mbele: "Mimi niko fiti." Akitoka mwingine: "Mimi simba, waulize watu." Nikasema kimoyomoyo, kama hawa wote ni simba, mbona wake zao wananililia mimi bombani?

Zamu ya Yoeli ikafika. Daktari, mtu wa makamo mwenye mvi, akaniambia kwa adabu, "Bibi, tunaomba utupishe." Yoeli akasema, "Mwache tu, daktari. Huyo ndiye mke wangu mkubwa." Daktari akacheka. Angekuwa shangazi au mama mkwe, angetolewa nje na mlango ukafungwa. Bibi hana cha kufichwa.

Akaulizwa lile swali lenyewe. Yoeli akaangalia sakafu. "Sina shida yoyote." Daktari akaandika.

Hapo, ndugu zangu, Roho wa Mungu akanishika! Nilisikia kabisa ndani yangu: ulinyamaza mara ya kwanza akakaribia kufa, unanyamaza tena? Nikasimama. Nikasema, "Daktari, anza kuniandika mimi. Niliyemwangusha huyu ni mimi." Nikatoa yote. Mizizi, asali, vidonge nilivyomwachisha, na jinsi nilivyomsingizia Rebeka uchawi moyoni mwangu huku nikila ugali wake. Nililia mpaka makamasi.

Yoeli alinipa leso yake nijifute. Kisha akamgeukia daktari. "Futa hilo jibu. Nimekudanganya. Mwaka wa pili sasa siwezi. Mwanamke mwingine sina, sijawahi kuwa naye. Namwonea mke wangu haya, ndiyo maana nalala na mbao."

Haleluya! Minyororo ilikatikia pale. Hakukuwa na ngoma wala kelele, ni kalamu tu iliyokata mstari mmoja na kuandika mwingine!

Daktari hakucheka wala hakushangaa. Akatueleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na ile midogo huumia mapema, ndipo mwanaume anapopungukiwa. "Si uchawi," akasema, "na si uhuni. Tunauliza kwa sababu wanaume hawasemi, na wasiposema hatujui wa kumtibu ni nani." Akampeleka kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Huyo alimpima damu, mkojo, presha na moyo. Akamwonya asinunue vile vidonge vya nguvu wanavyouza watu stendi, kuna waliokufa navyo. Akasema sukari itulizwe kwanza, sigara anazovuta aziache, na siku nyingine aje na mkewe.

Jioni ile Yoeli alimwambia Rebeka kila kitu. Na mimi nilipiga magoti haya mabovu mbele ya binti mdogo kwangu. "Mke mwenzangu, nilikudhania mchawi. Nisamehe." Akaninyanyua huku analia na kucheka. "Simama, bi mkubwa, usije ukavunjika nikapata wagonjwa wawili. Nimesamehe. Ila asali usilete tena hapa!" Kisha akamgeukia mumewe: "Miaka miwili unaniacha naona sifai, kumbe unaona haya? Mimi nilikuwa na haja na wewe, mjinga wewe." Akaliburuta begi, akarudisha nguo kabatini moja moja.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Sukari ilichukua miezi kutulia. Daktari akampa dawa iliyomfaa, na alisema wazi si wote wanaorudi kama zamani. Yoeli hakurudi kijana wa miaka ishirini, na hataki uongo huo usemwe kanisani. Lakini kitandani mwake amerudi. Hayo mengine ni ya kwao wawili, hata mimi mke mkubwa mlango nimefungiwa, na nimefurahi kufungiwa!

Ndugu zangu, Mungu hauonei haya mwili aliouumba mwenyewe. Namshukuru kwa daktari mwenye swali, kwa Rebeka mwenye subira, kwa Yoeli aliyesema kweli. Baba uliyekaa hapo na sukari yako na siri yako, mtumaini Bwana, na uende ukaseme. Mama, usimtukane na usikimbilie mizizi. Na asiye na bibi wa kumsindikiza, anipitie Misima. Nitavaa kitenge changu kizuri, nitakaa naye benchi mpaka aitwe.