Filimbi Yenye Ilibakia Butembo

KAHONGYA: Haloo? Uko naongea na mujinga wa siku ya foto. Ni nani?

GÉRARD: Kahongya, ni miye Gérard. Niko Beni, ku salle ya Bungulu—

KAHONGYA: Aaa, chef d'orchestre! Wasibire! Batoto? Na gitare, iko muzima?

GÉRARD: Wasibire, ndeko. Bote bazima. Sikia, tuko na lancement ya album leo, batu banaanza kuingia—

KAHONGYA: Najua. Niliona affiche. Balitiapo ile foto yangu.

GÉRARD: Foto yako gani? Hauko ndani!

KAHONGYA: [anacheka] Mais ni nani aliipiga? Siku ile mulijipanga bote ku ukuta, gitare ku bega, lunettes ku macho. Ukanipa simu: «Kahongya, piga moja ya kujaribu, kisha na weye utaingia.» Mujinga nikapiga. Hata kuwaambia mucheke, niliwaambia! Kumbe ile ya kujaribu njo balitia ku pochette, ku gamba ya album.

GÉRARD: Soleil ilikuwa inaisha…

KAHONGYA: Na kule nyuma ya pochette, soleil iliisha pia? Banaandika «Filimbi: Gérard». Weye hata makala ku mbabula hauwezi kupuliza ikawaka.

GÉRARD: Allô? Réseau— [inakwaruza] —allô?

KAHONGYA: Réseau iko sawa. Ni haya njo inakukwama ku koo.

GÉRARD: Bon. Nilikosa. Mais shida ni hii. Bazee ba eluma, ile muziki ya filimbi ya kwetu, balifika toka Masereka. Tukafanya répétition, kujaribu pamoja: batterie, basse, gitare yangu inalia rock, kisha bazee banaingia na filimbi zabo. Weye unajua, kila mutu na note yake moja—

KAHONGYA: Miye njo nilikufundisha ile.

GÉRARD: —bakifika ku note yako, kimya. Shimo! Bote banasimama, banaangalia kiti yako.

KAHONGYA: [anacheka sana] Tia synthé, ile kinanda ya umeme!

GÉRARD: Nilitia! Baba yako mudogo Siméon akaweka filimbi chini: «Ile haina pumuzi. Sisi tunapiga na batu.» Kahongya, nakuomba, panda taxi-moto sasa ivi—

KAHONGYA: Nikifika nitaingia ku scène, ama nitapigia dereva foto?

GÉRARD: Usinitese! Donc… filimbi uko nayo hapo? Ipulize kidogo ku simu. Mara moja tu, nijue ni note gani.

KAHONGYA: Mara moja tu?

GÉRARD: Mara moja, ndeko yangu.

KAHONGYA: Sawa. [Fuuu.]

GÉRARD: Murefu kidogo!

KAHONGYA: [Fuuuuuuu.]

GÉRARD: Ni yeyo! Wasingya, aksanti bwana! Simu inaenregistrer, inakamata sauti yote. Sasa bakia na kimuti chako huko Butembo. Bazee banataka pumuzi? Nitabapigishia pumuzi yako ku baffle, kwa sauti kubwa. Hatukukosa weye, Kahongya. Tulikosa note.

KAHONGYA: Muzuri sana. Ukimuona baba mudogo, umuambie ile nilipuliza ni chupa ya sucré, ya soda.

GÉRARD: …Ni nini?

KAHONGYA: Niko natoka kuikunywa. Filimbi iko mu sakoshi, haijatoka hata kidogo. Nilikuwa nataka kuona kama utaniiba mara ya pili. Haukunichelewesha.

GÉRARD: Kahongya! Weye ni mutu mubaya!

KAHONGYA: Nilikuwa muzuri. Ukanipa simu nishike.

GÉRARD: Batu ba radio bako hapa! Animateur ananiita— [kelele] —nakuja, nakuja! Kahongya, usikate! Tukifika ku ile shimo, salle nzima itauliza ni nani anakosa. Nitabaonyesha nini?

KAHONGYA: Baonyeshe pochette. Baambie ni ule mwenye alikuwa anashika simu.