Bwana Thirkettle na Duara la Little Saxling

Ijumaa ya tarehe 28 Machi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bwana Lionel Thirkettle, mpiga picha wa angani wa Ofisi yetu ya Mambo ya Kale, anastaafu. Mhariri ameniomba niandike habari zake kwa sababu ndimi rubani niliyekuwa nikimrusha. Wakubwa walimjua akiwa chini, tai imekaa sawa. Mimi nilimjua akiwa juu.

Akiwa juu, Bwana Thirkettle hutapika. Daktari alimpa vidonge, mkewe akampa biskuti za tangawizi. Vyote vilipanda naye na vyote vikaishia kwenye mfuko wa karatasi. Hata hivyo hakuwahi kuomba kazi nyingine. Wapo humu ofisini wanaougua wakisikia tu kuna kikao Jumatatu asubuhi.

Alianza kwa kupiga picha za harusi mjini Norwich, akachoka na mama wakwe, akaja kwetu kupiga picha mashamba, ambayo hayalalamiki kwamba yametoka yamenenepa. Alituvumbulia makaburi ya kale na nyumba za Warumi. Alituvumbulia pia kaburi la chifu ambalo baadaye lilionekana ni mahali farasi wa kanali mmoja alipokuwa akifungwa kigingini na kuzunguka. Keki ya kusherehekea tulikuwa tumeshaila.

Lakini kilichompa jina ni duara la Little Saxling. Kiangazi kile mvua ilitusahau. Shayiri yote ikawa njano, isipokuwa pale ambapo zamani palichimbwa handaki likaja kufukiwa. Hapo udongo ni mwingi, unyevu unabaki, na mimea hukaa kijani. Kutoka juu tuliona pete ya kijani katikati ya shamba la Bi Enid Catchpole: handaki la mviringo, na alama za tuta kwa nje. Ngome yenye tuta nje na handaki ndani haimzuii adui yeyote, labda imemzuia aliyeijenga. Kwa hiyo wataalamu walisema ni mahali pa ibada.

Tatizo ni kwamba wahandisi walishachora barabara mpya ipite hapo hapo. Ushahidi wetu ulikuwa shayiri tu, na Bi Catchpole alikuwa anavuna kesho yake. Tukasafisha filamu jioni ile: mpiga picha alitikisika mno kwa kutapika, kila kitu kimetoka kama uji. Tukaenda getini kwake kumwomba asubiri.

“Ninyi ndio mnaopita na kile kidudu juu ya kuku wangu?”

“Ndiyo, mama. Tunaomba usivune mpaka tupige tena. Kuna mahali pa ibada chini ya shamba lako.”

“Ibada ya nani?”

“Hatujui.”

“Walikuwa wanafanya nini?”

“Hatujui.”

“Sasa mmejuaje kuwa ni ibada?”

Bwana Thirkettle alimjibu kama msomi mkweli: “Kwa sababu hatujui.”

Bi Catchpole alicheka mpaka akashika geti. “Haya. Mashine itasubiri mpaka saa nne. Lakini na mimi napanda ndege. Babu yangu amelima hapo maisha yake yote, hakuona kitu.”

Asubuhi tukaruka watatu. Nilipoinamisha ndege, pete ikatokea safi kama ukingo wa sahani. Na Bwana Thirkettle akachukua mfuko.

“Piga sasa!” nikapiga kelele. “Wingu linakuja!”

“Siwezi!”

“Lete hicho kidude,” akasema Bi Catchpole. “Unabonyeza wapi? Hapa? We rubani, zunguka tena, bawa lako limeniziba!”

Akaimaliza filamu nzima. Tulipotua alikwenda kuvuna, na jioni shamba lilikuwa mabua matupu.

Kikao cha kusikiliza mapingamizi ya barabara kilifanyika kwenye ukumbi wa kijiji. Picha zilipendeza mno, na Mkurugenzi wetu alishampongeza Bwana Thirkettle mbele ya watu, naye kwa aibu akanyamaza. Ndipo akasimama wakili wa upande wa barabara.

“Picha zimepigwa na mtu wa ofisi inayoipinga barabara,” akasema. “Shamba limeshavunwa, hakuna wa kwenda kutazama. Tumwamini kwa lipi?”

Mkurugenzi akaanza kufuta miwani. Ikawa kama barabara imeshapita, bado lami tu.

Bwana Thirkettle akainuka, uso mwekundu kama bitiruti ya kwenye saladi. “Sikuzipiga mimi. Amezipiga mwenye shamba, ambaye barabara ikipita atafidiwa vizuri kuliko shayiri itakavyomlipa. Mimi nilikuwa natapika.”

Watu wakavunjika mbavu. Wakili akamgeukia Bi Catchpole, aliyekuwa amekaa na wanakijiji: ni kweli?

“Kweli tupu, baba. Na anatapika kwa adabu. Hata kiti hakukichafua.”

Wakili akakaa. Mwezi uliofuata wahandisi walichora upya, na ndiyo maana barabara ya Little Saxling ina ile kona ambayo madereva wa malori huilaani bila kujua wanamlaani nani. Mkurugenzi hakumsalimia Bwana Thirkettle mpaka Krismasi. Duara halikuguswa.

Wengi hapa wamepewa sifa kwa kazi walizofanya wengine, na wanazo mpaka leo, ukutani, kwenye fremu. Huyu aliirudisha yake hadharani, ndipo ikafaa kitu. Kwa hilo ofisi nzima inamshukuru, hata waliocheka.

Shayiri imepandwa tena shambani pale. Kiangazi kikiwa kikavu pete itatoka, na kwa miaka mingi ijayo wataalamu watakuja kutuambia wasichokijua. Uwe na afya na raha nyumbani kwako, Lionel. Umefanya kazi.