Aliyeanza Safari Kule Anakokwenda: Mzee Lennox Charo Nzai (1953–2025)

Marehemu Mzee Lennox Charo Nzai alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nzai Katana na marehemu Mama Mbodze. Alizaliwa wakati ambao mtu akisema atafika jua likiwa hapa, alifika jua likiwa papo hapo, na hapakuwa na mwenye saa.

Alisoma shule ya msingi hapo Kaloleni hadi darasa la saba, mwaka 1968. Karo ya sekondari haikupatikana, lakini kusoma hakukuacha. Gazeti lililofungiwa sukari alilikunjua akalisoma hadi mwisho, kisha akalitumia kuwashia jiko.

Mwaka 1971 aliteremka Mombasa, akapanga chumba Kuze, Mji wa Kale, kwa Bi Mwanarusi. Miaka mitatu baadaye akapata kibarua Kilindini, katika kundi la wafunga kamba, wale wapokeao kamba za meli na kuzifunga gatini. Juma la kwanza alichelewa. Meli ilikwisha kufungwa, na wenzake walikuwa wakifuta jasho. Sarahangi wao, yaani mkuu wa kundi, Mzee Gharib, hakumfokea. Alimwita kando akamwambia, "Meli huja na maji kujaa, Charo, haiji na usingizi wako. Keti kwanza pale unapotaka kufika, kisha rudi nyuma mpaka kitandani kwako."

Maneno hayo aliyashika kama mtu ashikavyo dini. Tangu siku ile hakupanga safari kuanzia mlangoni. Alianza kule anakokwenda. Akitakiwa gatini saa tisa, alijiona amesimama pale na kamba mkononi, kisha akarudi nyuma: lango la bandari, njia, kuvaa, kula, kuamka. Kila kituo alikiwekea akiba yake ya muda. Kulikuwa na akiba ya mvua, na alipokwisha kujenga nyumba yake Likoni, akaongeza akiba ya feri, kwani feri ni chombo na chombo huharibika. Enzi za Kuze, Bi Mwanarusi alipokuwa akisikia komeo la mlango wa Charo, alijua ndio wakati wa kuteleka chai ya watoto. Wenzake wa bandarini walimcheka, wakasema Charo huanza safari akiwa ameshafika. Lakini Mzee Gharib alipostaafu, usarahangi aliachiwa yeye, na hakuna meli iliyokuta gati lake tupu. Chumba kile cha Kuze leo ni cha kulaza watalii. Na saa imo ndani ya simu ya kila mtu, wala hakuna awahiye.

Mwaka 1979 alimposa Bi Kadzo, binti wa Mariakani. Ahadi ya wazee ilikuwa saa tatu asubuhi. Charo alihesabu kutokea kwenye mnazi wa posa, ile pombe ya minazi, kwa kuwa ukigemwa alfajiri huwa mtamu hadi adhuhuri, kisha huchachuka, na hakutaka wakwe wake waonje uchachu. Saa tatu kamili yeye na wazee wake walibisha hodi. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa akifagia uwanja. Shangazi zake walikuwa na nywele mbichi, na kuku alikuwa angali akitembea. Shangazi mmoja, Dama, alichungulia mlangoni akauliza, "Huyu amekuja kuoa ama amekuja kukamata watu?" Bi Kadzo alicheka hadi ufagio ukamponyoka. Walifunga ndoa Desemba mwaka huohuo, na Mungu akawajalia watoto watatu: Winnie, Mbodze na Nzai.

Marehemu aliagiza wasifu huu usisomwe kama wa malaika, kwa hiyo jambo hili litasemwa.

Tarehe 15 Desemba 2007, Winnie aliolewa na Bwana Wekesa wa reli. Ibada ilipangwa saa nne, kanisani kisiwani. Saa tatu marehemu alikuwa mlangoni pa kanisa, suti imepigwa pasi, tayari kumshika bintiye mkono. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Misafara ya maarusi ilikwisha kuwa mambo ya kuzunguka mji na honi na kupiga picha kila penye ua, na mwenye harusi hana tena sauti katika harusi yake. Marehemu alikuwa na meli ya saa tisa. Alikwisha kuihesabu: ilimlazimu aondoke saa saba. Magari yalipoingia, yeye alikuwa akitoka langoni. Winnie aliteremka na shela yake akamwomba dakika chache tu. Marehemu alimwambia, "Meli haingoji, mwanangu." Naye Winnie akamjibu, "Basi nami sitakungoja." Aliyempeleka madhabahuni ni baba yake mdogo, Bwana Katana.

Meli ile haikuja. Ilitia nanga nje ya mlango bahari, ikasubiri hadi maji yajae mara ya pili. Marehemu alisimama gatini na suti yake ya harusi jioni nzima, akitazama maji matupu. Jambo hilo hakumwambia mtu ila Bi Kadzo, tena baada ya miaka. Winnie aliishi Changamwe, si mbali, lakini hakuingia tena nyumba ya babake. Salamu zilipita kwa mama, na wajukuu waliletwa na Bwana Wekesa.

Marehemu alistaafu mwaka 2008. Mwaka 2023 madaktari waligundua figo zake zimechoka. Alikuwa akivuka feri mara mbili kwa juma kwenda kusafishwa damu kisiwani, na hata huko alifika kabla ya wenye mashine. Oktoba mwaka huu alilazwa hukohuko kisiwani. Siku moja alimwambia Bi Kadzo kwamba amefanya hesabu yake ya mwisho. Ameanza kaburini, akarudi nyuma: maziko, jeneza, mahali pa kulala wageni. Yote yamekaa sawa. "Lakini nimerudi hadi kwa Winnie," akasema, "na hapo sipiti. Nimeweka akiba ya mvua, nimeweka akiba ya feri. Mwanangu sikumwekea."

Bi Kadzo alimpigia Winnie simu. Winnie akasema atakuja Ijumaa, saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa.

Ijumaa hiyo, tarehe 7 Novemba, malori yalifunga njia ya daraja la Makupa. Saa kumi ikapita, na Bi Kadzo akaona macho ya mumewe yakienda kwenye saa iliyo mkononi mwake. Aliogopa kama alivyoogopa mlangoni pa kanisa. Winnie alipiga simu akilia kwamba yuko njiani, neno ambalo marehemu hakuliamini maishani mwake, kwa kuwa siku hizi husemwa na watu walio kitandani. Marehemu alinyoosha mkono. "Nivue saa, Kadzo," akasema. "Huyu nitamngoja."

Bi Kadzo aliivua akaifunga kwenye pindo la leso. Wageni waliambiwa watoke, akatoka yeye, akasimama mlangoni akimbembeleza askari. Kiza kilikwisha kuingia Winnie alipofika, viatu mkononi, kwa kuwa aliliacha gari darajani akaja kwa miguu. Askari alimtazama miguu, akampisha.

"Nimechelewa, baba," alisema.

"Hujachelewa," akajibu marehemu. "Mimi ndiye niliyeondoka mapema."

Winnie alikaa naye. Mzee Lennox Charo Nzai alifariki Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, adhana ya alfajiri ikisikika, mkono wake umo mikononi mwa bintiye. Ile saa hakuiulizia tena.

Agizo lake kuhusu leo lilikuwa fupi. Jeneza livuke feri asubuhi mapema, na maziko yawe saa nane hapa nyumbani, Likoni, pasipo hotuba za wanasiasa. Kisha akaongeza neno ambalo waliofanya kazi naye hawataamini kuwa ni lake: Winnie asipofika, ngojeni.

Haikulazimu kungoja. Winnie alilala hapa tangu jana.

Marehemu ameacha mjane, Bi Kadzo, watoto wake Winnie, Mbodze na Nzai, mkwewe Bwana Wekesa, ndugu yake Bwana Katana, wajukuu saba, na wafunga kamba wa Kilindini waliobaki, ambao si wengi.

Wenzake walisema kweli. Alianza safari kule anakokwenda, na sasa ameshafika. Apumzike kwa amani, na sisi tulio njiani tuwekeane akiba.