Chupa Tatu za Papa Zéphirin

Papa Zéphirin Lubunga atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kazi ya miaka thelathini na moja na karibu miezi saba. Mkurugenzi wetu, Mama Mathilde Feza, alitangaza habari hiyo Alhamisi tarehe 13, saa nne asubuhi, mbele ya mlango wa depo, ghala la kiwanda, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna aliyecheka. Tarehe mbili alizotangaza kabla ya hapo, 31 Julai na 31 Oktoba, zilipita kimya, na kesho yake Papa Zéphirin alifika kazini saa moja kasoro robo kama kawaida, ufunguo wa depo ukining'inia shingoni.

Aliyechelewesha ni yeye mwenyewe. Alisema ufunguo hautoki shingoni mwake mpaka apatikane mtu wa kufaulu mtihani aliouandaa. Mtihani una swali moja. Watu watatu waliufanya na wote watatu walianguka. Wakati huo mkewe, Mama Régina, alikuwa amekwisha kuhamia Wamaza kwenye shamba lao la karanga, na kwa kuwa aliamini tarehe ya Julai, alihama na kitanda. Mzee wetu amelala juu ya mkeka tangu mwezi wa saba.

Aliingia Kiwanda cha Sabuni Tujikaze, hapa Kasongo, tarehe 2 Mei 1994, akiwa mlinzi wa usiku. Baadaye akawa mpakuaji, kisha mtunza depo. Kulikuwa na miaka ambayo kiwanda hakikutoa hata kipande kimoja cha sabuni, mashine zikiwa zimelala na wakubwa wakiwa mbali. Miaka hiyo aliendelea kufagia depo kila Jumatatu. Alipoulizwa alikuwa akifagia nini, alijibu kwamba vumbi halikupewa likizo.

Mwaka 2012 kiwanda kilianza kugeuza sehemu ya mawese kuwa mazutu, yaani dizeli, ya kuendeshea jenereta. Kazi hiyo inahitaji metanoli, na ndivyo mapipa sita ya kwanza yalivyofika, kwa treni hadi Samba na kwa lori hadi hapa. Metanoli haina rangi. Harufu yake ni ya pombe. Anayeinywa huchangamka kama mnywaji yeyote, halafu, kesho yake, macho huingia ukungu. Kikombe kimoja kidogo kinaweza kumpofusha mtu au kumuua. Hupenya ngozi, hupita katika pumzi. Juu ya hayo hushika moto upesi, na mchana wa jua mwali wake hauonekani.

Mkurugenzi wa wakati ule aliruhusu alama moja tu kwenye mapipa: mwali wa moto. Fuvu la kichwa alilikataa. Alisema hakuna mama atakayenunua sabuni ya kuogesha mtoto mahali penye fuvu ukutani. Papa Zéphirin aliandika barua mbili kuomba fuvu, akapata majibu mawili yanayofanana hadi nukta.

Ikumbukwe kwamba alama hizi zilikuwa ngeni kwa wote. Kulikuwa na kopo la dawa ya wadudu wa mbao lenye picha ya samaki aliyekufa, yaani bidhaa hiyo inaharibu mito. Wavuvi wawili wa Nyangwe waliliona kwenye lori, wakasafiri siku nzima kuja kuuliza bei. Waliamini ni dawa ya kuvulia, tena walisifu mchoraji. Papa Zéphirin aliwakalisha, akawapa chai, akawaeleza kwa saa moja na nusu, akawarudisha Nyangwe na sabuni mbili.

Sasa tufike Julai 2014, kwa maana hapo ndipo mtihani ulipozaliwa.

Ijumaa tarehe 11, pipa moja lilianza kuvuja. Papa Zéphirin alimimina metanoli iliyobaki ndani yake, lita ishirini, katika bidoni ya njano, dumu la plastiki. Karatasi ya kuandikia jina ilikuwa ofisini. Ilikuwa saa sita, fufu ilikuwa tayari, na yeye alikuwa na njaa. Aliiacha bidoni kando ya lango, bila jina, akaenda kula. Alikusudia kurudi baada ya dakika ishirini, na kweli alirudi baada ya dakika ishirini. Bidoni ilikuwa palepale, akaibeba hadi depo akiwa ameridhika.

Asichojua ni kwamba katika dakika hizo Mama Anastasie, mpishi wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, anayeheshimika mtaani kwetu, alikuwa ameleta bidoni yake ya njano. Déo, mwendesha pikipiki wetu wa kusambaza sabuni, alikuwa ameiagiza kwa ajili ya arusi ya binti wa mjomba wake huko Wamaza. Mama Anastasie aliiweka langoni, kando ya ile nyingine. Déo akaja mbio, akanusa kizibo cha bidoni ya karibu, akatabasamu, akaifunga kwenye pikipiki na kuondoka.

Kosa liligunduliwa Jumamosi asubuhi kwa msaada wa mlinzi Gédéon, aliyekuwa ameionja bidoni ya depo na kukutwa nyuma ya depo akiimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, peke yake. Papa Zéphirin hakuiamini furaha ile. Alijua kwamba mwanzoni metanoli nayo huchangamsha. Akaamuru Gédéon apelekwe hospitali juu ya kigari cha kubebea sabuni, na Gédéon aliimba njia nzima, watu wakimpungia mkono. Ndipo Mama Anastasie alipofika kudai chombo chake kitupu.

“Hii iko yangu,” alisema, akishika bidoni ya depo. “Kizibo ya gunzi, miye njo nilichonga. Sasa Déo alibeba ya nani?”

Gédéon alitoka hospitali jioni ile akiumwa kichwa cha kawaida. Papa Zéphirin alikuwa amekwisha kukodi pikipiki ya kwanza iliyopita. Simu ya Déo haikushika. Mahali pengine barabara iliwashusha, wakasukuma. Walifika Wamaza saa tisa alasiri. Glasi zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, na bidoni ilikuwa tayari imefunguliwa.

Huku kwetu kila mtu mzima anajua kupima lutuku. Unamimina kidogo kwenye kijiko, unawasha kiberiti. Ikiwaka bluu ni nzuri. Kipimo hiki tulirithi kwa wazee, na kina kasoro moja tu: metanoli nayo hufaulu, tena kwa alama za juu. Baba wa bibi arusi, Papa Gérard, alikuwa amekwisha kuipima ndani ya jiko lenye giza. Ilikuwa imewaka bluu. Vigelegele vilikuwa vimepigwa. Katika hali hiyo akaingia mtu mwenye vumbi hadi nyusi, akiwa amevaa kofia ya kanisani, akipaza sauti kwamba asinywe mtu.

“Kama kampani inataka pombe yake,” kijana mmoja alijibu, “iingie mu mustari sawa watu wote!”

“Haiko pombe,” alisema Papa Zéphirin. “Iko sumu.”

“Sumu gani inawaka bluu?” aliuliza Papa Gérard. “Miye nilianza kunywa lutuku mbele ya baba yako kumuoa mama yako.”

Papa Zéphirin hakubishana zaidi. Aliomba beseni la chuma, akaliweka katikati ya uwanja kwenye jua kali, akamimina kiasi cha kijiko, akasogeza watu, akawasha. Hakuna kilichoonekana. Watu wakacheka. “Imezima! Imezima!” Mzee mmoja akasogea na kunyoosha kidole achovye. Papa Zéphirin alivua kofia, akaitupa ndani ya beseni kabla ya kidole kufika.

Kofia iliwaka mbele ya macho ya wote, kwa moto ambao hakuna aliyeuona ukianza.

“Sasa kofia ya Papa iko wapi?” aliuliza Papa Gérard hatimaye.

Arusi iliendelea kwa maji ya tangawizi. Papa Gérard alitaka bidoni imwagwe mtoni mara moja. Papa Zéphirin alikataa, akasema mto nao una wanywaji. Alikataa pia kuipandisha pikipiki. Aliifunga kwenye kinga, baiskeli ya kuazima, akaichorea fuvu kwa mkaa, akaisukuma kwa miguu hadi Kasongo. Anasema hajawahi kupishwa njiani kwa adabu kama siku zile. Ukoo wa Papa Gérard ulimpa baadaye kipande cha ardhi kwa shukrani, na hilo ndilo shamba la karanga ambako kitanda kinamngoja. Mama Régina, alipoelezwa, alifanya hesabu yake: “Watu makumi kenda na ine, kofia moja. Sawa. Lakini angalau ungevaa ile ya shamba.”

Ripoti yake ina mistari kumi na mmoja na bado imebandikwa ndani ya depo. Mstari wa kwanza unasema: “Aliyeacha bidoni bila jina ni mimi.” Kila mfanyakazi mpya huanza kazi kwa kuusoma kwa sauti, naye husimama kando akisikiliza.

Baada ya ripoti hiyo fuvu liliruhusiwa. Leo metanoli ina alama zote tatu zinazotakiwa na kanuni: mwali, fuvu, na mtu mwenye nyota kifuani, maana yake huharibu viungo vya ndani. Fabrice, mpika sabuni, alidhani kwa mwezi mzima kwamba yule wa nyota ni mfanyakazi bora, akauliza zamu yake itafika lini. Wanunuzi wa sabuni hawakupungua.

Papa Zéphirin hakuishia kwenye kanuni. Juu ya mlango wa depo aliandika kwa rangi nyeupe maswali matatu: Inawaka? Inaua? Inadanganya? Swali la tatu halimo katika kitabu chochote, na mkaguzi aliyetoka Kindu mwaka 2017 aliandika hivyo katika ripoti yake. Siku iliyofuata alirudi kulinakili. Kitu hudanganya, kwa maelezo ya Papa Zéphirin, ikiwa hatari yake inafanana na kitu unachokipenda. Katika depo yetu ni metanoli pekee iliyopata “ndiyo” mara tatu. Nje ya depo, kwenye orodha ya waongo, ameweka chupa ya gesi inayosemekana ni tupu, breki za lori la Serge, na mawingu ya mwezi wa kumi. Kila chombo cha depo kina jina lake. Kiti kimeandikwa KITI. Kwa miaka kumi na moja haijatoka hapo bidoni isiyo na jina.

Mtihani wake ni huu: chupa tatu za kioo zimefungwa, maji yake meupe, hazina maandishi. Moja ya maji, moja ya lutuku, moja ya metanoli. Ipi ni ipi? Julai, dereva Serge alifungua ya kwanza na kunusa. “Hii iko lutuku ya Mama Anastasie,” alisema, “harufu yake naijua hata nikilala.” Alianguka mtihani kabla hajashusha pumzi. Fabrice aliomba kiberiti, akashikwa mkono na kutolewa nje. Oktoba, Laetitia Kalonda wa maabara alitikisa chupa, akatazama mapovu, akazitaja zote tatu bila kusita. Alipewa sifuri. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

“Mama, mimi nimesoma kemia! Hata hakuniambia wapi nimekosa!”

Papa Zéphirin, alipoitwa, alisema tu kwamba siku Laetitia atakapokosa, hatakosa peke yake. Mama Mathilde alifuta tarehe ya pili.

Alhamisi tarehe 13 Laetitia alirudi. Alizitazama chupa kwa muda mrefu, mikono nyuma. Serge alikuwa mlangoni akimhimiza: “Nusa, dada, nusa tu!” Hakunusa.

“Sijui, Papa,” alisema. “Hazina jina. Naziweka pembeni, nafunga mlango, naita aliyezileta.”

Papa Zéphirin alivua ufunguo. Kisha akatoa mfukoni karatasi tatu zilizokwisha kuandikwa, akazibandika kwenye chupa moja baada ya nyingine. Zote tatu ziliandikwa MAJI. Alipohakikisha gundi imeshika, alizifungua na kunywa kidogo katika kila moja. Mama Mathilde alitangaza tarehe papo hapo. Serge alikwenda kumwomba radhi Mama Anastasie, ambaye hajaipokea.

Papa Zéphirin, wafanyakazi wa Tujikaze wanakushukuru kwa vidole, macho na arusi ambazo bado tunazo. Tunakuombea afya, karanga nyingi, na usingizi juu ya kitanda. Ufunguo utakabidhiwa rasmi Jumamosi tarehe 29 Novemba, saa nne, uani. Jumatatu tarehe 1 Desemba, saa moja kasoro robo, Laetitia atafungua depo. Ameomba ijulikane kwamba anatunga mtihani wake mwenyewe.

Siku ya makabidhiano mstaafu atapewa zawadi moja, iliyochaguliwa kwa kura: kofia, na ndani yake kikaratasi kilichoandikwa KOFIA. Ataihitaji. Papa Gérard anamwoza binti yake wa mwisho huko Wamaza, Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa tisa alasiri. Barua ya mwaliko inasema kiti cha kwanza ni chake, na vinywaji vyote vitakuwa na majina.