Leonsi Tluway na Mdomo wa Paipu

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Leonsi Tluway, tuliyezoea kumwita Baba Edda, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Majokofu Mshikamano, hapa Babati mjini, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama kibarua wa kubeba mitungi ya gesi, anaondoka akiwa fundi mkuu. Mimi Hatibu wa stoo nimeombwa niandike machache, na nimeonywa nisitie chumvi.

Mafundi wengi hupenda kazi ya moto, yaani kulehemu. Baba Edda alipenda ile inayotangulia moto. Vifaa vyake vinaenea mfuko mmoja wa shati: kikatio chenye kigurudumu, kisu kidogo cha kukwangulia chenga zinazobaki mdomoni mwa paipu ya shaba ikishakatwa, kipande cha msasa na brashi ya waya. Mkewe, Mama Edda, analalamika miaka yote kwamba mume wake hana shati lenye mfuko mzima. Paipu ikishapigwa msasa hakuna kuigusa, maana mafuta ya vidole huharibu ulehemu. Meneja wetu, Bwana Tariq, siku yake ya kwanza kazini aliombwa kwa adabu zote aweke mikono mfukoni. Akaiweka.

Ukali huo una chanzo, wala mwenyewe hakukificha. Mwaka 2003 alitengeneza jokofu la maziwa la wafugaji kule Singe. Alikuwa na haraka, hakukwangua vizuri, chenga ya shaba ikabaki ndani na kuziba njia ya gesi. Asubuhi maziwa ya kaya kumi na nne yalikuwa yameharibika. Watu walilaumu umeme. Jokofu liliporudishwa karakanani Baba Edda aliikuta chenga hiyo, akapanda baiskeli hadi Singe, akamwamkia mwenyekiti wao, Mama Rogathe, akafungua karatasi yenye ile chenga na kusema kosa ni lake. Mama Rogathe alimfokea mbele ya watu, kisha akampa uji.

Aliporudi alianzisha utaratibu wetu: kabla ya msasa, fundi mwingine apitishe kidole mdomoni mwa paipu. Kidole kikikwaruzwa, kazi inarudi, hata ikiwa ya fundi mkuu. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumrudishia yeye.

Mwaka huu macho yake yamepungua nguvu, na bado aliandika barua kuomba aongezewe mwaka. Hakuogopa kukaa nyumbani Nakwa, ana shamba lake la mahindi na maharage. Aliogopa kwamba tunamheshimu yeye kuliko kazi, na kwamba akiondoka utaratibu utakufa. Alituambia hivyo wakati wa chai. Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Mwezi Aprili tulitengeneza jokofu la chanjo la zahanati moja. Muuguzi alikuwa anasubiri, chanjo zikiwa kwenye barafu. Baba Edda alikata, akakwangua, akampa fundi Hadija paipu. Hadija alipitisha kidole, akasita.

“Shikamoo tena, Baba. Hii bado.”

Baba Edda alijibu marahaba, akaelekeza mdomo wa paipu chini ili chenga zisiingie ndani, akakwangua upya. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kesho yake alikwenda ofisini kuichukua barua yake ya kuomba mwaka.

Asante, Baba Edda. Mungu akujalie afya njema na mavuno mazuri, wewe na Mama Edda. Kapumzike kwa raha, kazi imebaki na watu.